Alitemwa Mara Mbili: Kisa cha Brendon Hartley

Tarehe 28 Julai 2017 kampuni ya Porsche ilitangaza kwamba msimu ukiisha itaondoka kwenye LMP1, daraja la juu kabisa la mbio za ustahimilivu, yaani mbio ndefu za magari za saa nyingi. Zilikuwa zimepita siku 40 tu tangu gari lake namba 2 lishinde Saa 24 za Le Mans. Mmoja wa madereva watatu wa gari hilo, Brendon Hartley wa New Zealand, alikuwa na miaka 27, taji la ubingwa wa dunia la mwaka 2015 kabatini, na la pili likiwa njiani. Kwa tangazo lile moja, kazi ya mwaka uliofuata ikayeyuka.

Akamtafuta Helmut Marko kwa simu.

Marko ni Muaustria aliyekuwa akisimamia programu ya madereva vijana ya Red Bull, kampuni ya vinywaji inayomiliki timu za mbio, na ndiye aliyemtema Hartley mwaka 2010, kijana akiwa na miaka 20. Ujumbe wa Hartley, kama mwenyewe alivyousimulia baadaye, ulikuwa mfupi: yeye si yule kijana wa zamani, na wakihitaji dereva, yupo. Kabla miezi mitatu haijatimia akawa ndani ya gari la Toro Rosso, timu ya pili ya Red Bull, kwenye mbio za langalanga, yaani Formula 1, mjini Austin. Mwaka mmoja na ushee baadaye akatemwa tena.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama ndoto iliyotimia: kijana aliyefukuzwa akarudi kwa mlango wa mbele. Wapo wanaokisimulia kama fedheha: bingwa wa dunia aliyejipeleka mwenyewe kupigwa kumbo na vijana. Kila upande una hoja, lakini zote mbili zinaichukulia langalanga kama kilele na sehemu nyingine zote kama njia ya kupandia au ya kushukia. Mtu akiishika hesabu ya kazi ya Hartley mwaka kwa mwaka, anaona jambo tofauti. Fundi huyu aliharibikiwa pale alipokuwa anaandaliwa kuwa nyota, akatengenea pale ambapo hakuna aliyekuwa anamtazama.

Kijana wa programu

Hartley alizaliwa Palmerston North mwaka 1989 katika familia ya mbio. Baba yake alishindana kwenye madaraja mbalimbali, kaka yake akaanza karti, naye akafuata akiwa na miaka sita. Akapanda ngazi za nyumbani New Zealand, kisha mwaka 2006, akiwa na miaka 16, Red Bull ikamvusha hadi Ulaya.

Hapo inafaa kusimama kidogo, kwa sababu bila hatua hiyo kisa chote hakipo. Mbio za magari ya kiti kimoja Ulaya hazifanani na mpira wa miguu, ambako klabu humlipa kijana mwenye kipaji. Huku dereva ndiye anayelipa. Timu za madaraja ya chini huishi kwa kuuza viti: familia au mdhamini analeta fedha, timu inatoa gari, mafundi, matairi na nafasi ya kushindana. Mkono mtupu haulambwi. Kwa mtoto kutoka upande wa pili wa dunia, ambaye hata ndege ya kwenda na kurudi ni mzigo, kampuni ikijitokeza kulipa kila kitu hakuna mzazi atakayekataa.

Malipo yake hayadaiwi kwa pesa. Yanadaiwa kwa muda. Programu ya namna ile ilichukua vijana wengi kwa wakati mmoja, ikawapanga kwenye timu nzuri, kisha ikawapima kila mwisho wa wiki wa mashindano. Aliyeonekana kusuasua aliachwa, na kiti chake kikapewa mwingine ambaye tayari alikuwa kwenye foleni. Kijana wa familia tajiri akiwa na msimu mbaya, baba yake hununua msimu mwingine. Kijana wa programu hana wa kumnunulia.

Mwanzoni Hartley alilipa deni hilo vizuri. Mwaka 2007 akawa bingwa wa Eurocup ya Formula Renault. Mwaka 2008 akahamia Formula 3 ya Uingereza na timu ya Carlin, akamaliza wa tatu. Mwisho wa mwaka huo akaenda Macau, kwenye ule mtaa wa kuta na kona ambako kosa dogo linakatisha mbio. Akaanzia nyuma sana ya kundi, akamaliza wa tatu. Ukimuuliza mtu aliyekuwa akifuatilia madaraja ya chini wakati ule, huenda Macau ndiyo atakayoitaja kwanza.

Bingwa wa Formula 3 ya Uingereza mwaka huo alikuwa mwenzake wa timu, Mhispania Jaime Alguersuari, naye kijana wa Red Bull. Jina hili tutalirudia.

Mwaka wa magari mawili

Kwa maoni yangu kosa kubwa la kisa hiki halikufanyika 2017 wala 2018. Lilifanyika 2009, na sijui kama kijana wa miaka 19 angeweza kulikataa.

Mwaka ule Hartley alipangiwa kushindana katika mifululizo miwili kwa pamoja: Formula 3 ya Ulaya na Formula Renault 3.5. Juu ya hayo akapewa kazi ya dereva wa akiba wa langalanga. Kwa mtu wa nje ilionekana heshima. Kwa mtu anayejua gari la mbio linavyojifunzwa ilikuwa mtego. Gari la Formula 3 lina nguvu ndogo, linataka dereva abebe mwendo ndani ya kona bila kulivuruga. Gari la 3.5 lina injini kubwa na uzito mwingine, linasimama kwa breki tofauti na matairi yake huongea lugha tofauti. Dereva mchanga hujenga ustadi kwa kurudia: breki ileile, kona ileile, tairi lilelile, mpaka mwili ufanye kazi kabla akili haijaamua. Ukimbadilishia gari kila wiki mbili, kila mara anatumia siku ya kwanza kusahau gari la jana.

Mshika mbili moja humponyoka, na kwake zilimponyoka zote. Hakupata taji popote. Katikati ya msimu huo Toro Rosso ilimwondoa Sébastien Bourdais, na kiti kikaenda kwa Alguersuari, aliyeanza Hungary akiwa na miaka 19. Majaribio ya magari ya langalanga katikati ya msimu yalikuwa yamepigwa marufuku mwaka huohuo, hivyo Mhispania yule aliingia uwanjani karibu bila kulijua gari lenyewe. Hartley akabaki kwenye foleni, nyuma ya mtu aliyekuwa akikaa naye gereji moja mwaka mmoja tu kabla.

Mwaka 2010 akarudishwa kwenye Formula Renault 3.5, safari hii peke yake, na timu ya Tech 1. Lakini aliyekaa upande wa pili wa gereji alikuwa Muaustralia Daniel Ricciardo, naye kijana wa Red Bull. Katika kazi hii mwenzako wa timu ndiye mpinzani wako wa kwanza, kwa kuwa ndiye pekee mwenye gari kama lako. Ukishindwa na timu nyingine unaweza kutaja injini au matairi. Ukishindwa na mwenzako huna pa kujificha, na kila kitu kimeandikwa: alipokanyaga breki, alipofungua mafuta, mita ngapi, sekunde ngapi. Ricciardo alikuwa anashinda. Mwezi Julai Red Bull ikaachana na Hartley. Kiti chake akakalia Jean-Éric Vergne.

Hartley hakuwahi kudai kwamba alionewa. Amekiri kwamba wakati ule hakuwa tayari, kwamba shinikizo lilimlemea na furaha ya kuendesha ilikuwa imemtoka. Ninamwamini. Ila ninaongeza jambo ambalo yeye, kwa ustaarabu wake, halisemi sana: kijana aliyetenganishwa na nyumbani tangu miaka 16, aliyezoea kupigiwa simu za lawama baada ya mbio mbaya, hafundishwi kuendesha tena. Anafundishwa kuogopa simu.

Mahali pasipo watazamaji

Miaka mitatu iliyofuata ndiyo sehemu ya kisa hiki inayorukwa na wasimuliaji wengi, kwa sababu haina mataji. Alishindana vipande vipande vya misimu kwenye GP2, daraja la chini ya langalanga wakati huo, akihama timu kadiri nafasi ilivyopatikana. Hakuna matokeo ya kutaja. Kilichombeba ni kazi mbili zisizo na shangwe.

Ya kwanza ilikuwa simyuleta ya Mercedes. Mbio zenyewe walikuwa wakiendesha Michael Schumacher na Nico Rosberg. Hartley alikaa kwenye chumba chenye skrini kubwa huko Brackley, Uingereza, akiendesha viwanja vya dunia nzima bila kutoka nje. Mtu asiyeijua kazi hiyo anaweza kuiona ni mchezo wa video. Wahandisi hubadilisha kitu kimoja, labda ugumu wa springi au pembe ya bawa la mbele, kisha wanamtaka dereva atoe mizunguko kumi inayofanana ili tofauti watakayoiona itoke kwenye gari, isitoke kwake. Halafu wanamuuliza alichohisi. Dereva anayependa kusifiwa atajibu wanachotaka kusikia, na gari litakwenda uwanjani na kosa. Anayefaa ni yule anayesema "hapana, gari limekuwa zito kuingia kona ya polepole, na faida mliyoipata kwenye kona ya kasi haitoshi", akawa sahihi. Ijumaa ya mashindano kazi huendelea usiku, ili asubuhi madereva wa mbio wapate gari lililorekebishwa. Jina lako halitajwi popote.

Kwa mtu aliyezoea kupimwa kwa nafasi aliyomaliza, hii ilikuwa shule mpya. Kwa mara ya kwanza alilipwa kwa kujua, na kukimbiza peke yake hakukutosha.

Kazi ya pili ilikuwa mbio za ustahimilivu. Mwaka 2012 alikwenda Le Mans mara ya kwanza na Murphy Prototypes, timu ndogo ya Kiayalandi, kwenye LMP2, daraja lililo chini ya LMP1. Uchumi wa huku ni kinyume cha ule wa magari ya kiti kimoja. FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, huwapanga madereva kwa madaraja manne: Platinamu, Dhahabu, Fedha na Shaba. Kanuni za LMP2 zililazimisha kila gari liwe na angalau dereva mmoja wa Fedha au Shaba, yaani mtu ambaye mara nyingi ana biashara zake na anashindana kwa mapenzi. Ndiye anayeleta fedha, au anayefungua mlango wa wadhamini. Naye anahitaji nini? Anahitaji mtaalamu mwenye kasi, atakayemwonyesha data bila kumdharau, atakayelichukua gari likiwa limepoteza nafasi na kuirudisha, na zaidi ya yote, ambaye hatalivunja. Mtaalamu huyo hulipwa. Kijana ambaye jana alihitaji mtu wa kumlipia kiti, leo kiti kinamlipa yeye.

Vijana wengi waliotemwa hawaingii mlango huu. Wakati mwingine ni kiburi; kushuka kutoka kundi la langalanga kwenda kuendesha zamu ya saa tisa usiku na mfanyabiashara wa miaka 50 huonekana kama kukubali kushindwa. Wakati mwingine ni tabia ya mwili tu. Gari la ustahimilivu ni la watu watatu. Kiti hakikai sawasawa kwa yeyote, usukani uko karibu mno kwa mmoja na mbali kwa mwingine, breki zimerekebishwa kwa ajili ya wote na hazimridhishi yeyote. Le Mans dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 4 ndani ya kipindi cha saa 6, wala zaidi ya saa 14 kwa jumla, hivyo hata awe na kasi gani, hawezi kushinda peke yake. Anayetaka gari litengenezwe kwa ladha yake atawapunguzia wenzake kasi, na mwisho wa siku saa inasoma jumla.

Porsche iliporudi kwenye daraja la juu mwaka 2014 na gari la 919 Hybrid, ilihitaji watu wa namna hiyo. Hartley akapewa kiti pamoja na Mark Webber, aliyetoka langalanga mwisho wa 2013, na Timo Bernhard, Mjerumani aliyelelewa na Porsche tangu ujana. Mwaka wa pili watatu hao walishinda mbio nne mfululizo: Nürburgring, Austin, Fuji na Shanghai. Wakaenda Bahrain wakiongoza, gari likawasumbua mbio nzima, wakamaliza wa tano na kutwaa ubingwa wa dunia wa 2015 kwa tofauti ya pointi 5 tu.

Hapa bahati nayo itajwe kwa jina lake. Mwaka 2014 Audi, Toyota na Porsche zote zilikuwa LMP1, kila moja na magari mawili ya msimu mzima, madereva takriban watatu kwa kila gari. Ni viti 18 hivi vya kiwanda, vyenye mshahara wa kweli, na baadhi yake vilikuwa vipya kabisa. Dereva mwenye uwezo uleule aliyetemwa miaka minne baadaye angekuta Audi na Porsche zimeshaondoka. Ustadi wa Hartley ulikuwa wake. Tarehe hakuipanga yeye.

Webber alistaafu mwisho wa 2016, nafasi yake ikachukuliwa na Earl Bamber, Mnyuzilandi mwingine. Juni 2017 gari lao lilipata hitilafu ya mota ya umeme ya mbele kabla hata saa nne za Le Mans hazijaisha. Likakaa gereji zaidi ya saa nzima na kutoka likiwa karibu la mwisho uwanjani. Mpango uliobaki ulikuwa kuendesha tu, bila kosa, usiku kucha, huku magari ya mbele yakiharibika moja baada ya jingine. Zikiwa zimebaki saa moja na dakika kadhaa Bernhard akaipita LMP2 iliyokuwa ikiongoza. Ushindi ule haukutokana na mzunguko mmoja wa ajabu, na sidhani kama yule Hartley wa 2010 angekuwa na subira yake.

Simu na hesabu zake

Turudi kwenye ile simu ya Julai. Hartley alikuwa na nini mkononi? Kiti cha Porsche kinakwisha. Mazungumzo na timu ya Chip Ganassi ya IndyCar, huko Marekani, yalikuwa yamefika mbali. Langalanga haikuwa inamtafuta.

Halafu mambo yakaangukia upande wake bila yeye kufanya lolote. Carlos Sainz akahamia Renault kabla msimu haujaisha. Daniil Kvyat alikuwa amepoteza imani ya wakubwa. Pierre Gasly alikuwa na fainali ya Super Formula, mbio za Japani za magari ya kiti kimoja, kule Suzuka wiki ileile ya Austin. Red Bull, iliyojivunia foleni ndefu ya vijana, ikajikuta foleni haina mtu aliye tayari. Ikamkumbuka aliyepiga simu.

Ratiba yake ya miezi ile nimewahi kuiandika kwenye karatasi, maana kichwani haikai. Tarehe 7 Oktoba alishinda Petit Le Mans huko Road Atlanta. Tarehe 15 alikuwa Fuji na Porsche. Tarehe 22 Austin, langalanga, akiwa na adhabu ya injini iliyomrudisha nyuma ya gridi. Akamaliza wa 13. Tarehe 29 Mexico. Tarehe 5 Novemba Shanghai, ambako alithibitisha ubingwa wake wa pili wa dunia. Tarehe 12 Brazil, tarehe 18 Bahrain kwa mbio ya mwisho ya 919, tarehe 26 Abu Dhabi. Yaani ni magari mawili kwa pamoja, yaleyale yaliyomwangusha 2009. Safari hii aliyahimili, kwa sababu gari moja kati ya hayo alikuwa amekwisha kulijifunza.

Mwaka 2018 akapewa msimu mzima, Gasly akiwa mwenzake na Honda ikiwa injini mpya ya timu. Matokeo yanajulikana: pointi 4 kwa 29 za Gasly, ambaye alimaliza wa nne kwenye mbio ya pili tu ya mwaka, Bahrain. Ukisoma namba hizo peke yake, shauri limekwisha. Lakini uchambuzi hauwezi kuishia kwenye namba, maana namba hazisemi zilivyopatikana.

Alipoteza gari Barcelona kwenye mazoezi na likavunjika vibaya. Montreal alibanwa ukutani na Lance Stroll mzunguko wa kwanza. Silverstone suspensheni ya mbele ilikatika akiwa anakanyaga breki kwa kasi kubwa. Kati ya hayo matatu, la kwanza ni lake, la pili ni la mbio, la tatu ni la gari. Lakini kwenye simulizi za msimu yote matatu yaliandikwa chini ya jina lake. Tena uvumi wa kuondolewa ulianza mapema mno, msimu ukiwa haujafika hata robo. Akajikuta kila Alhamisi anaulizwa na waandishi kama atakuwepo mbio ijayo.

Ugumu mwingine ulikuwa wa kiufundi. Kwenye LMP1 alijifunza kuendesha kwa kiwango cha juu saa nzima, akipita magari ya polepole kila dakika na kutunza mafuta na umeme. Langalanga ya leo inataka mzunguko mmoja wa Jumamosi wenye tairi lililoingia kwenye joto sahihi, dirisha dogo sana, halafu Jumapili inataka usilichoshe tairi hilohilo. Wenzake walikuwa wamekuzwa ndani ya dirisha hilo. Yeye alikuwa hajashindana kwenye gari la kiti kimoja kwa miaka mitano alipoitwa Austin. Alilielewa taratibu. Suzuka, mwezi Oktoba 2018, alianza mbio kutoka nafasi ya sita, mbele ya Gasly. Austin akapata pointi 2 kwa nafasi ya tisa, baada ya wawili waliokuwa mbele kuondolewa kwenye matokeo.

Langalanga hailipi taratibu. Msimu ulipofungwa Abu Dhabi akaambiwa hatakuwepo. Kiti kikaenda kwa Alexander Albon, ambaye naye, kama kwa kejeli ya makusudi, Red Bull ilikuwa imemtema akiwa kijana mwaka 2012.

Je, alikosea kupiga simu?

Wanaosema alikosea wana hoja moja nzito: aliacha mahali alipokuwa bora duniani akaenda mahali alipokuwa wa kawaida. Hoja hiyo inasahau kwamba mahali penyewe palikuwa pamefungwa. Porsche ilikuwa inaondoka, Audi ilishaondoka mwisho wa 2016, na Toyota ilikuwa imejaa. Alichokitoa kwa kweli ni IndyCar, na hilo ni kubwa, lakini si ufalme.

Wanaosema ilikuwa ndoto nao wanapotoka. Sioni kwamba mbio zake 25 za langalanga zilimjenga kwa lolote kubwa ambalo Porsche haikumpa. Kilichonishawishi kwamba uamuzi haukuwa mbaya ni kilichotokea baada ya kuanguka. Mara ya kwanza alipotemwa ilimchukua miaka mitatu kupata kazi ya maana. Mara ya pili ilimchukua majuma. Ferrari ikamchukua kwa simyuleta yake mwaka 2019. Toyota ilipompoteza Fernando Alonso ikamweka Hartley kwenye kiti hicho kwa msimu wa 2019-20. Formula E, mbio za magari ya umeme, alijaribu na timu ya Dragon, haikufika mbali. Waajiri hawa hawakusoma zile pointi 4. Walisoma mafaili ya Porsche na kuwauliza wahandisi wa Mercedes, na majibu ya watu hao yaliandikwa zamani, kwenye vyumba visivyo na kamera.

Linganisha na Alguersuari, aliyepewa kile kiti cha 2009. Alidumu Toro Rosso hadi mwisho wa 2011, akatemwa pamoja na mwenzake wa timu Sébastien Buemi siku zilezile. Mwaka 2015, akiwa na miaka 25, akatangaza kuacha mbio kabisa na kugeukia muziki. Hakuwa dereva dhaifu. Alifika juu kabla hajawa na kitu kingine cha kuuza isipokuwa ahadi ya kesho, na ahadi ikikataliwa na mnunuzi mmoja, wengine nao huitilia shaka. Vergne, aliyerithi kiti cha Hartley cha Tech 1, naye alipita Toro Rosso na kuachwa, kisha akawa bingwa wa Formula E mara mbili. Na Buemi? Buemi alikwenda Toyota, akajenga maisha yake upya kwenye ustahimilivu, na ndiye aliyempokea Hartley kwenye gari namba 8. Watu wawili waliowahi kuhesabiwa hasara na kampuni ileile wakawa wanapokezana usukani.

Wakashinda Le Mans 2020 pamoja na Kazuki Nakajima, na 2022 pamoja na Ryo Hirakawa. Ubingwa wa dunia wa 2022 ukawa wao.

Nisingependa kijana yeyote aliyetemwa wiki hii akisome kisa hiki kama dawa. Kwa kila Hartley wapo wengi waliokuwa na kasi kama yake ambao hawakukuta simyuleta yenye nafasi wala viwanda vitatu vinavyotafuta watu mwaka mmoja. Ninachoweza kukitetea ni kidogo zaidi: 2009 alipewa vingi mno kabla ya wakati, na hakuna aliyelipia kosa hilo isipokuwa yeye.

Porsche yenyewe ilirudi kwenye daraja la juu mwaka 2023, na gari jipya la 963. Msimu huo ulipofika mwisho, bingwa wa dunia alikuwa Hartley, kwa mara ya nne, akiwa ndani ya Toyota.